Kazi ya Rafiki: Urafiki na Mauaji katika Juliasi Kaizari

Utangulizi

Mwaka 1963 Julius Kambarage Nyerere, wakati huo akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tanzia ya Shakespeare. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka tena ikiwa imesahihishwa, ikaitwa Juliasi Kaizari. Tangu hapo haikosi kutajwa kila inapozungumzwa historia ya tafsiri za kifasihi katika Afrika Mashariki. Mjadala juu yake, hata hivyo, umeelekea zaidi pande mbili. Upande wa kwanza ni wa fani: Nyerere alitumia mistari isiyo na vina miaka 11 kabla ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), diwani iliyochochea mno mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili ni wa siasa: mkuu wa dola changa ya Kiafrika anatafsiri kisa cha kuuawa kwa mkuu wa dola. Usomaji huu wa pili haukuishia kwetu. Nakala ya kazi za Shakespeare iliyosomwa na wafungwa wa kisiasa katika kisiwa cha Robben ina sahihi ya Nelson Mandela ya mwaka 1977, kando ya maneno ya Caesar kuhusu woga na kifo.

Makala haya hayakusudii kuipinga mijadala hiyo. Yanakusudia kulirejea jambo ambalo mijadala yote miwili imelipita haraka, nalo ni urafiki. Kabla ya kuwa tanzia ya dola, kazi hii ni tanzia ya watu wanaopendana, wanaoitana marafiki hata visu vikiwa viunoni, na ambao karibu wote wanakufa kwa mkono wa rafiki au kwa ajili ya rafiki. Hoja yetu ni kwamba Caesar hauawi na urafiki wa uongo. Anauawa na urafiki wa kweli ulioiacha kazi yake moja ya lazima, yaani kumkatalia rafiki. Katika kuijenga hoja hii tutaitegemea tanzia yenyewe, na tutaazima mwanga kutoka katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho msomaji wa Kiswahili anakifahamu. Majina ya wahusika tutayaandika kwa tahajia ya matini asilia.

Swali lililozoeleka

Aghalabu semina zetu juu ya tamthilia hii huanza na swali moja: je, Brutus ni shujaa au msaliti? Wanafunzi hugawanyika mara moja. Wanaomtetea husema aliipenda Roma kuliko alivyompenda Caesar. Wanaomshutumu husema alikuwa mnafiki aliyemchekea mwenzake mchana na kumpangia kifo usiku. Kisha huja Cassius, ambaye hupewa hukumu ya haraka zaidi: hasidi, mchochezi, rafiki wa uongo. Swali hilo si baya, lakini linaifanya tanzia kuwa orodha ya tabia. Mhusika akishabandikwa jina la mnafiki, mjadala umekwisha, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu anayejiona katika unafiki.

Inafaa kukumbuka alichofanya Shakespeare na kisa alichokirithi. Alikipata kwa Plutarch, katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579, miaka 20 kabla ya tamthilia hii kuigizwa. Katika Plutarch imo habari kwamba Caesar alimdhania Brutus kuwa mwanawe, kwa sababu ya mapenzi yaliyokuwapo kati yake na Servilia, mamake Brutus. Shakespeare hakuitumia habari hiyo. Mwandishi aliyetafuta msisimko tu asingeiacha, kwani mwana kumuua baba ni jambo linalotisha kuliko rafiki kumuua rafiki. Kwa kuiondoa damu, Shakespeare ameuacha urafiki peke yake jukwaani, usiwe na kisingizio cha nasaba. Ametulazimisha tuuchunguze huo huo.

Majina ya urafiki

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona tofauti ambazo neno moja la Kiingereza huzificha. Rafiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwenzi wa safari, mtu mnayefuatana njiani. Sahibu ni yule mnayekaa pamoja. Mwandani ni aliyevuka baraza akaingia ndani. Msiri ni aliyekabidhiwa siri. Majina haya hayamo katika ngazi moja, wala mtu mmoja hastahili yote kwa siku moja. Jamii iliyoyaunda ilijua kwamba kila hatua ya kumkaribia mtu ina haki zake na hatari zake.

Tukiitazama Juliasi Kaizari kwa kipimo hiki, tunaona vurugu kubwa ya nafasi. Caesar ni rafiki wa Brutus, lakini si msiri wake. Cassius ni shemeji, kwa kuwa amemwoa dada yake Brutus, naye anataka kuwa mwandani. Portia, mke, ndiye mwenye haki ya kuwa msiri, na ndiye anayefungiwa mlango. Katika tendo la pili, usiku ule wa njama, wanakuja nyumbani kwa Brutus watu waliofunika nyuso kwa kofia na majoho, na Brutus anawapa siri ya maisha yake bila hata kuwataka wale kiapo. Mara wanapoondoka, Portia anaidai siri hiyo hiyo. Inambidi aonyeshe jeraha alilojitia mwenyewe pajani ili kuthibitisha kwamba anaweza kuaminiwa. Wageni wa usiku wameingia bila jeraha lolote, na mke wa ndoa ameombwa damu. Maovu yote yanayofuata yanaanzia hapa: usiri umehama kutoka kwa yule ambaye angeweza kuuliza maswali, ukaenda kwa wale waliokuja na jibu tayari.

Kioo cha Cassius

Namna Cassius anavyomwendea Brutus katika tendo la kwanza yastahili kusomwa polepole. Haanzi kwa kumtaja Caesar. Anaanza kwa lawama ya mapenzi: siku hizi huniangalii kwa jicho lile la zamani. Brutus anajitetea kwamba hakumchoka rafikiye, ila anapigana na nafsi yake mwenyewe. Cassius ameshapata alichokitaka, yaani ufa. Ndipo anapojitolea kuwa kioo ambamo Brutus atajiona asivyoweza kujiona kwa macho yake.

Msomaji wa pwani hawezi kulisikia neno kioo hapa bila kukumbuka mafundisho mashuhuri, yatokanayo na hadithi ya Mtume, kwamba muumini ni kioo cha muumini mwenzake. Walimu huyafafanua hivi: mwenzako huiona aibu iliyo usoni mwako usipoweza kuiona wewe, akakuonyesha kwa faragha ili uifute. Kioo cha aina hiyo kina faida kwa sababu hakibembelezi. Kioo cha Cassius ni kinyume chake. Kinaahidi kumwonyesha Brutus sifa ambazo bado hajazijua, thamani iliyofichika, ukubwa ambao Roma yote inauona isipokuwa yeye. Wala Cassius hasemi uongo, maana Brutus kweli anaheshimiwa. Sumu ya maneno yake ni kwamba ni nusu ya kazi ya kioo.

Hapa pana tofauti kati ya Cassius na Iago, ambaye mara nyingi huwekwa naye kapu moja. Iago anamchukia Othello, na urafiki wake ni barakoa tangu mwanzo. Cassius anampenda Brutus, na tendo la nne litalithibitisha hilo kwa uchungu. Ni kweli kwamba anapobaki peke yake, katika uzungumzi nafsia unaofunga onyesho la pili la tendo la kwanza, anakiri kuwa hata madini bora hufinyangika, na kwamba hakuna aliye imara kiasi cha kutoshawishika. Ni kweli pia kwamba anaghushi barua kwa miandiko mbalimbali na kuzirusha dirishani mwa Brutus zionekane sauti ya umma. Barua hizo ni za uongo. Aliyezituma, hata hivyo, si rafiki wa uongo. Ni rafiki anayetaka mpenzi wake awe upande wake, kwa kuwa jambo analokusudia bila Brutus litaonekana husuda, na pamoja na Brutus litaonekana wajibu.

Zaidi ya hayo, Cassius hatamki popote katika mazungumzo yale kwamba Caesar auawe. Anasimulia jinsi Caesar alivyoshindwa kuogelea mto Tiber akaomba kuokolewa, na jinsi homa ilivyomtetemesha kule Hispania. Anamwacha Brutus amalizie. Na Brutus, katika tendo la pili, anaanza uzungumzi nafsia wake kwa hitimisho, kwamba dawa ni kifo, kisha ndipo anapotafuta sababu. Anakiri hana kisa chochote cha binafsi na Caesar, wala hajaona shauku za Caesar zikiishinda akili yake. Anamhukumu kwa yale atakayoweza kuwa, kama mtu anayevunja yai la nyoka kabla halijaanguliwa. Rafiki angelikuwapo hapo, angeuliza swali moja tu: ikiwa hujaona kosa, mbona umeshatoa hukumu? Hayuko wa kuliuliza. Portia analala, na Cassius yuko njiani anakuja.

Kikoa na divai

Asubuhi ya mauaji wanajama wanafika nyumbani kwa Caesar kumsindikiza. Decius ameshaigeuza ndoto ya kutisha ya Calpurnia ikawa bishara njema. Caesar anawakaribisha mmoja mmoja kwa majina, anamwonea haya Antony aliyekesha akiburudika, kisha anawaalika waingie waonje divai pamoja naye, halafu waondoke wote kama marafiki. Brutus anasema kando, kwa nafsi yake, kwamba moyo unamuuma kwa kuwa kinachofanana na kitu sicho kitu chenyewe.

Sisi tuliokua na kisa cha Liyongo tunaujua mlo huu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mfalme wa Pate anawatumia watu wa mwituni wamzoee Liyongo ili wamuue. Wanakula naye kikoa, yaani chakula cha kuandaliwa kwa zamu. Siku ikafika wakaamua kikoa kiwe cha makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu yake awaangulie wenziwe, na zamu ya Liyongo wampige mishale akiwa juu. Hila ni nzuri kwa sababu imejengwa juu ya adabu. Anayekataa zamu yake katika kikoa amevunja ushirika. Liyongo hakukataa, wala hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe akiwa chini, akatimiza zamu na kuonyesha shabaha, na wale marafiki wakaondoka wakijua wamejulikana.

Ulinganisho huu unatufunza jambo ambalo mhakiki akilipuuza ataipotosha tanzia. Katika utendi, marafiki wa uongo wanashindwa. Liyongo ana macho ya kuwaona. Anayefaulu ni mwanawe, anayempenda na anayemwamini. Naye anafaulu bila hila kubwa: anamwuliza babake kitu gani kiwezacho kumuua, na baba, hali ameshashuku kwamba mwana ametumwa, anamwambia ni sindano ya shaba kitovuni. Kithaka wa Mberia aliporudi kwenye hekaya hii katika Kifo Kisimani (2001), alimpa kazi ya kuua Gege, ndugu wa shujaa Mwelusi. Methali husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Liyongo na Mwelusi wanaipindua: mla nao alishindwa kuwaua, wakauawa na wa damu moja.

Tukirudi Roma, Caesar amezungukwa na walaji wa kikoa, na baadhi yao ni maadui wasioficha sana. Cassius amekwisha kushukiwa. Caesar mwenyewe, katika tendo la kwanza, amemweleza Antony kwamba mtu yule mwembamba, msomaji na asiyependa muziki, ni wa kuogopwa. Ana macho, basi, kama Liyongo. Lakini hana jicho la kumwona Brutus, kwa kuwa jicho lile alilokuwa nalo lilikuwa la mapenzi. Katika Baraza, Brutus anaibusu mkono wa Caesar akimsihi amrejeshe ndugu yake Metellus, huku akieleza kwamba busu hilo si la kujipendekeza. Na huenda si uongo. Kisha visu vinafuata. Octavius atayahesabu baadaye majeraha 33, lakini mwenye kuuawa alihesabu moja. Aonapo mkono wa Brutus, Caesar anaridhia mwenyewe kuanguka. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga, na hawakusema ki nguoni mwa jirani.

Hema la Sardis

Tendo la nne lina onyesho ambalo kwa maoni yetu ndilo moyo wa tamthilia, ingawa mara nyingi hupitwa haraka kwa kuwa damu imeshamwagika na hotuba zimeshakwisha. Karibu na Sardis, ndani ya hema, Brutus na Cassius wanagombana. Brutus anamshutumu mwenziwe kwa kuuza vyeo na kumtetea mla rushwa, Lucius Pella. Katika pumzi hiyo hiyo analalamika kwamba aliomba dhahabu ya kuwalipia askari wake akanyimwa. Hataki kuchafua mikono kwa kutoza fedha za dhuluma, lakini anataka fungu katika fedha zilizotozwa na mikono ya mwingine.

Katikati ya ugomvi huo wanabishana juu ya kazi ya rafiki. Cassius anashikilia kwamba rafiki hana budi kuyavumilia mapungufu ya rafiki, na kwamba jicho la urafiki lisingeyaona makosa kama hayo. Brutus anajibu kwamba jicho lisiloyaona ni la mwenye kujipendekeza. Kinadharia Brutus yuko sawa. Ndicho kile kioo cha kwanza, kioo kisichobembeleza, kinachodaiwa hatimaye. Lakini kinadaiwa na mtu aliyekubali kioo cha sifa pale ambapo uhai wa rafiki mwingine ulikuwa mizanini.

Ugomvi unakwishaje? Hauishi kwa hoja. Cassius anatoa kisu, anafunua kifua, anamtaka Brutus ampige kama alivyompiga Caesar. Machozi yanakuja, mikono inapeanwa. Mshairi mmoja anaingia kuwasihi wapendane, Brutus anamfukuza, hata kama alichokuja kukisema ndicho walichokwisha kukifanya. Kisha Brutus anaagiza divai, na kabla haijaletwa anataja kwamba Portia amekufa. Hii ni mara ya pili divai kuletwa katika tanzia hii ili kufunika kisichosemwa.

Sharti tuangalie kinachofuata mara baada ya kikombe. Viongozi wanajadili kama waende Philippi. Cassius anapinga kwa sababu nzuri: adui na aje mwenyewe, achoke njiani, amalize akiba yake, wao wakiwa wametulia. Brutus anamkatiza. Cassius anakubali. Si mara ya kwanza. Katika tendo la pili alitaka Antony auawe pamoja na Caesar, Brutus akakataa, naye akanyamaza. Katika tendo la tatu alimvuta Brutus kando akamwonya asimruhusu Antony kuhutubia mazishini, Brutus akakataa, naye akaridhia. Mara tatu Cassius aliona sawasawa, na mara tatu aliiacha rai yake kwa ajili ya urafiki. Kwa hiyo si kweli kwamba sumu ilitoka kwa Cassius ikaenda kwa Brutus peke yake. Brutus alishindwa kumkatalia Cassius mauaji, na Cassius akashindwa kumkatalia Brutus makosa. Urafiki wao uliwaua wote wawili kwa njia moja.

Volumnius

Katika tendo la tano deni linalipwa. Cassius, akidanganywa na habari ya mbali iliyotafsiriwa vibaya, anamwamuru Pindarus, mateka wake, amuue kwa upanga ule ule uliomchoma Caesar. Titinius, rafiki yake, anarudi akiwa hai, anakikuta kiwiliwili, anajiua kwa upanga huo huo.

Brutus anabaki na wachache. Anamnong'oneza Clitus, naye anasema afadhali ajiue mwenyewe. Anamnong'oneza Dardanius, naye anashtuka. Kisha anamgeukia Volumnius, waliyesoma naye tangu utotoni, akamwomba kwa ajili ya mapenzi yao ya zamani aushike upanga wakati yeye akiukimbilia. Volumnius anamjibu kwamba hiyo si kazi ya rafiki.

Hili ni jibu fupi la mhusika mdogo, na twadhani ndilo jibu la tamthilia nzima. Tangu onyesho la pili, kila mtu ameombwa jambo kwa jina la urafiki, na kila mtu ametoa. Brutus alitoa mkono wake, Cassius akatoa rai yake, Caesar akatoa kifua chake. Volumnius ndiye anayesimama na kusema urafiki una mpaka, na kwamba mpaka huo ni uhai wa rafiki mwenyewe. Anayemwambia hivyo ni kwa yule aliyeuvuka mpaka huo. Anayekubali hatimaye ni Strato, mtumishi aliyekuwa amelala wenzake wakikataa. Hatumlaumu Strato, kwani alimtendea bwana wake heshima kwa mila za Kirumi, akaomba kwanza kumpa mkono. Lakini tusikose kuona kwamba muda mfupi baadaye anachukuliwa katika utumishi wa Octavius, mshindi. Utiifu hupata ajira upesi. Hao watatu waliokataa hawana wanachokipata katika tamthilia.

Pingamizi la Antony

Msomaji anaweza kuuliza: na Antony je? Yeye si rafiki mwaminifu, aliyelia juu ya maiti na kumlipia kisasi mpenzi wake? Ndiye, na kwa sababu hiyo anaithibitisha hoja badala ya kuivunja. Hotuba yake ya mazishi inajitambulisha kwanza kwa urafiki, na moto unaowashwa na urafiki huo unamuua Cinna mshairi, ambaye kosa lake ni kuitwa jina moja na mwanajama. Katika onyesho linalofungua tendo la nne Antony anakaa na Octavius na Lepidus wakichora alama kwenye majina ya watakaokufa. Lepidus anaridhia kifo cha nduguye, Antony anaridhia kifo cha mpwa wake. Hakuna anayemkatalia mwenzake. Na Lepidus anapotoka tu, Antony anamfananisha na punda wa kubebeshwa mizigo. Uaminifu usio na neno la hapana unaweza kuua kama usaliti, tena kwa upana zaidi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mauaji katika Juliasi Kaizari hayatokani na sura mbili za watu wabaya. Yanatokana na watu wanaopendana kwa kweli ambao kila mmoja amemwachia mwenziwe njia pale ilipompasa kusimama mlangoni. Usomaji unaowaita wahusika hawa wanafiki unatuliza nafsi zetu, kwa kuwa unauweka ubaya kwa wengine. Usomaji tunaoupendekeza hautulizi. Unamwuliza kila msomaji ni lini mara ya mwisho alimkatalia rafiki yake jambo.

Swali hilo linatuhusu sisi wa taaluma hii kwa namna ya pekee. Fasihi ya Kiswahili ni kijiji. Mwandishi ninayemhakiki nilisoma naye, au nilimfundisha, au atausahihisha mswada wangu mwaka ujao. Tunaandikiana dibaji, tunasimamia tasnifu za wanafunzi wa marafiki zetu, tunakaa pamoja kwenye kamati zinazochagua vitabu vya kutahiniwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika dibaji ya kitabu nilichojua hakijaiva, kwa sababu aliyeniomba tulikula naye sahani moja miaka mingi. Kitabu kilitoka, kikapuuzwa, na mwenyewe hakuandika tena. Wahakiki wengine walikikosoa vikali, wala hawakumdhuru kama nilivyomdhuru mimi, kwa kuwa wao hawakuwa na uwezo wa kumzuia mapema.

Tumezoea kuuzungumzia utamaduni wa ndiyo mzee kama maradhi ya wanasiasa. Labda tungeanza karibu zaidi, kwenye kurasa zetu wenyewe. Mhakiki ni rafiki wa mwandishi, na kazi yake ni ile ya Volumnius: kuukataa upanga anaokabidhiwa, hata kama anayeukabidhi anapendwa, na kukataa mapema, kabla ya Philippi.